Tulikuwa kozi moja, majina anayo nani?

Mwaka 1854 kapteni wa jeshi la Marekani aliyekuwa ametoka kuacha kazi alishuka melini New York mfukoni hana kitu. Bili ya hoteli ilikuwa inapanda kila kukicha na kwao kulikuwa mbali. Aliyemwokoa ni Simon Bolivar Buckner, mtu aliyekuwa naye West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, mmoja akimtangulia mwenzake kwa mwaka. Buckner alikwenda kwa mwenye hoteli akamdhamini mpaka fedha za nyumbani zilipofika. Yule aliyefulia aliitwa Ulysses Grant.

Februari 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Buckner alikuwa ndani ya ngome ya Donelson, jimbo la Tennessee, akiwa jenerali wa waasi wa Kusini, amezingirwa pande zote. Aliyemzingira ni Grant. Buckner akaandika kuuliza masharti ya kusalimu amri, na nadhani moyoni alitegemea ile hoteli itampunguzia makali. Jibu likarudi kwamba masharti hayapo, asalimu amri mara moja. Buckner akanuna, akajibu kwamba huo si uungwana, kisha akasalimu amri kwa sababu hakuwa na njia. Walipoonana uso kwa uso, Grant alimvuta pembeni akamwambia kwamba kama amepungukiwa, fedha zake zipo, achukue. Julai 1885 Grant, ambaye alikuwa ameshakuwa rais kwa vipindi viwili, alikuwa akifa kwa kansa ya koo kwenye nyumba ya mlimani huko Mount McGregor. Buckner alisafiri kwenda kumwona. Mgonjwa hakuwa na sauti, akawa anajibu kwa kuandika kwenye vijikaratasi. Mwezi huohuo akafariki, na Buckner akawa miongoni mwa wasindikizaji wa heshima wa jeneza.

Kisa hiki hupendwa na wanaoamini kwamba wanajeshi waliosoma pamoja hawatupani. Nami nakipenda, lakini nina mashaka na funzo linalotolewa. Grant alikuwa mtu maarufu, kila alichofanya kiliandikwa. Kwa kila Grant na Buckner kuna mamia ya waliokula sahani moja na kulala kitanda cha juu na cha chini, kisha wakapoteana moja kwa moja, na hakuna aliyemchukia mwenzake. Walihama tu. Mmoja alipelekwa kikosi cha mpakani, mwingine aliacha kazi akafungua duka, wa tatu alifariki na habari zikawafikia wenzake baada ya miaka sita. Mapenzi yalikuwepo. Anwani ndiyo haikuwepo.

Hoja yangu leo ni kwamba kinachowaweka pamoja watu wa kozi moja kwa miaka 40 au 50 ni kazi ya ukarani, kazi ya mtu mmoja mwenye daftari na uvumilivu. Nimeichagua West Point kwa sababu imefanya kazi hiyo tangu zamani, na kwa sababu ililazimika kuifanya watu wake wakiwa wametoka kuuana.

Kuuana huko nakusema bila kutia chumvi. Oktoba 1864, baada ya mapigano ya Cedar Creek huko Virginia, Jenerali Stephen Ramseur wa Kusini aliletwa mahututi kwenye nyumba iitwayo Belle Grove, ambayo adui zake walikuwa wameifanya makao makuu. Alikuwa na miaka 27. Siku chache kabla alikuwa amepata habari kwamba mkewe amejifungua salama, ila hakuambiwa kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Wakaingia kumwona maofisa wa Kaskazini waliokuwa naye West Point: Custer, Merritt, du Pont. Mchana wake watu hao walikuwa upande wa pili wa risasi. Kesho yake Ramseur akafa. Custer huyohuyo, miaka miwili nyuma, alikuwa amesimama pembeni ya bwana harusi mjini Williamsburg. Bwana harusi alikuwa ofisa wa Kusini aliyejeruhiwa na kutekwa, mwenzake wa chuoni, na Custer alisimama pale na sare yake ya Kaskazini.

Watu waliopita chuo kikuu cha kawaida huona mambo haya yamezidi. Chuo kikuu unachagua rafiki. Chuo cha kijeshi unapangiwa. Aliye kushoto kwako kwenye gwaride yupo pale kwa sababu ya urefu wake au herufi ya jina lake, na kwa mwaka mzima au zaidi mtaadhibiwa pamoja kwa kosa la mmoja wenu. Umemwona akilia usiku. Umemwona akishikwa amesinzia lindoni. Anajua ulivyotetemeka siku ya kwanza ya kurusha guruneti, na anajua jina la utani ulilopewa na mkufunzi, ambalo mkeo halijui hadi leo. Urafiki wa namna hiyo hauna adabu nyingi, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Kinachouvuruga baadaye ni cheo. Watu 100 wanavishwa nyota siku moja kwenye uwanja mmoja, wote sawa. Baada ya miaka 15 huyu ni meja, yule bado kapteni, wa tatu ameshapaa. Kwa sababu majeshi mengi hustaafisha kwa kuangalia cheo, yule aliyebaki chini anarudi kijijini mapema wakati mwenzake bado anapigiwa saluti. Siku wakikutana, mmoja hajui amwite mwenzake nani. Aseme “afande” au jina la utani? Nimeshuhudia mzee wa miaka 68 akisimama ghafla kwenye kiti cha plastiki msibani kwa sababu mwenzake wa kozi, jenerali mstaafu, ameingia. Jenerali mwenyewe aliona aibu, akamkalisha kwa kumshika bega, lakini hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Ndipo linapokuja daftari. George Cullum, aliyemaliza West Point mwaka 1833, alichapisha mwaka 1850 orodha ya wote waliowahi kumaliza hapo, kila mmoja na namba yake na maelezo ya alikofika. Namba 1 ni Joseph Swift wa mwaka 1802, mwaka ambao walimaliza wawili tu. Orodha hiyo iliendelezwa kizazi hadi kizazi, na wahitimu bado hutambuana kwa “namba ya Cullum.” Kwa muda mrefu namba zilifuata nafasi ya mtu darasani siku ya kumaliza. Custer alikuwa wa mwisho kati ya 34 waliomaliza Juni 1861, kwa hiyo wenzake 33 wapo juu yake hata ajulikane vipi duniani. George Pickett, ambaye jina lake limebaki kwenye shambulio maarufu la Gettysburg, alishika mkia kati ya 59 wa mwaka 1846, darasa moja na McClellan aliyekuwa wa pili. Rejista haijali wakubwa.

Halafu kuna darasa la 1915. Wamarekani hulisifu kama darasa lililoangukiwa na nyota, kwa sababu kati ya 164 waliomaliza, 59 walifika ujenerali, na wawili, Eisenhower na Bradley, walivaa nyota 5. Wakati wa kumaliza Eisenhower alikuwa wa 61, Bradley wa 44, nafasi za watu ambao mwalimu hawezi kuwakumbuka. Mimi huwafikiria zaidi wale 105 waliobaki. Walikuwa na wenzao wanaoamuru majeshi ya nusu ya dunia, na mmoja wao akawa rais. Juni 1955 Eisenhower, akiwa Ikulu, alirudi West Point darasa lao lilipotimiza miaka 40. Hebu fikiria uko hapo, wewe ni kanali mstaafu unayefuga kuku wa mayai, na rais wa nchi anakuja kukaa meza yenu. Unaweza kwenda kwa sababu jina lako limo kwenye kitabu kilekile, lina mistari yake, na aliyeliandika hakukuuliza cheo.

Chama cha wahitimu kilianzishwa mwaka 1869, miaka minne baada ya vita, na waliokisukuma ni pamoja na Robert Anderson. Huyu ndiye aliyekuwa na ngome ya Sumter siku vita vilipoanza Aprili 1861, na aliyeamuru mizinga impige alikuwa Beauregard, mwanafunzi wake wa somo la mizinga pale West Point. Mtu kama huyo akisema tukutane tena, ana haki ya kusikilizwa. Katiba ya chama ilipiga marufuku mazungumzo ya siasa na yote yaliyo nje ya shabaha ya umoja. Wengi huona kifungu hicho ni cha unafiki, kwamba watu wa Kusini walisamehewa mapema mno na suala la utumwa likafunikwa chini ya mkeka. Lawama hiyo ina ukweli. Maofisa weupe walipatana wao kwa wao wakati Wamarekani weusi, ambao vita vilipiganwa juu ya uhuru wao, hawakuwa na kiti mezani. Henry Flipper, mweusi wa kwanza kumaliza West Point, alimaliza mwaka 1877, na waliosoma naye walimnyamazia karibu muda wote aliokuwa hapo. Undugu wa kozi unaweza kumfungia mlango mtu aliyelala chumba cha jirani.

Hata hivyo mashine waliyoitengeneza ilifanya kazi, na naieleza kwa sababu haihitaji fedha nyingi. Kila darasa lina mwandishi wake. Kazi yake ni kukusanya habari: nani amehama, nani amefanyiwa upasuaji, nani amepata mjukuu, nani haonekani. Habari hizo huingia kwenye jarida la wahitimu. Mtu akifariki, taazia yake huandikwa na waliomjua, mara nyingi wenzake wa darasa, na desturi hii ilianza katika ripoti za mwaka za karne ya 19. Jarida hupanga habari kwa mwaka wa kumaliza, wazee wa zamani zaidi wakitangulia, kwa hiyo kila mwaka darasa lako linasogea mbele ya kitabu. Kwenye gwaride la wahitimu, mzee kuliko wote waliofika ndiye huweka shada kwenye sanamu ya Sylvanus Thayer, aliyekijenga chuo hicho.

Lipo jambo moja la kule ninalolionea wivu waziwazi. Kila darasa jipya hupewa walezi, darasa lililolitangulia kwa miaka 50. Vijana wakimaliza mafunzo ya kwanza ya kiangazi hurudi chuoni kwa miguu, mwendo wa maili kama 12 kutoka kambi ya Buckner, na wazee wanaokaribia au waliovuka miaka 70 hujiunga nao njiani. Wengine magoti yamekwisha, wanatembea kipande tu. Kijana wa miaka 18 anatembea pembeni ya mzee aliyewahi kuoza miguu kwenye mabwawa, na wanazungumza habari za viatu. Jina la kambi hiyo, kwa taarifa yako msomaji, ni la mtoto wa yule Buckner wa hoteli ya New York. Alimaliza West Point mwaka 1908 na kuuawa Okinawa Juni 1945, akiwa jenerali.

Turudi nyumbani. Jeshi letu la wananchi wa Tanzania lilizaliwa Septemba 1, 1964. Maofisa wake kwa miongo mingi wametoka chuo cha kijeshi cha Monduli, na wapo waliokwenda kusoma nje. Waliovishwa nyota pale muda mfupi kabla ya Oktoba 1978 hawakupata nafasi ya kuzoea sare, maana Idi Amin alivamia Kagera na wakaondoka na vikosi vyao. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, wanajeshi waliokuwa kwenye siasa ilibidi wachague. Jakaya Kikwete, aliyepitia Monduli mwaka 1976 hadi 1977, alistaafu jeshi mwaka huo akiwa luteni kanali. Wenzake wengine walibaki na sare. Kozi moja ikawa na rais, makamanda, wakulima, walinzi wa maghala, na marehemu wengi.

Namfahamu meja mmoja mstaafu mwenye kaunta buku la jalada gumu lililoshonwa upya kwa uzi wa kiatu. Ukilifungua unaisoma historia ya mawasiliano ya nchi hii. Kwenye kila jina mstari wa kwanza ni S.L.P., ya kikosi. Chini yake namba ya simu ya mezani, imekatwa. Chini yake 0744, imekatwa, ikafuatwa na 0754 siku kampuni ilipobadilisha namba. Waliofariki amewawekea alama, msalaba kwa Wakristo na mwezi kwa Waislamu, na tarehe kwa penseli. Kuna majina matatu yenye alama ya kuuliza. Aliniambia hao watatu walifukuzwa jeshini na hakuna aliyekubali kuwatafuta, yeye mwenyewe akiwemo kwa muda mrefu, kwa sababu ilionekana ni vibaya. Mmoja alikuwa kitanda chake cha juu.

Watoto wa meja wanaliita kaunta buku hilo “makaratasi ya mzee.” Mtu anajua litakwenda wapi mzee akifumba macho.

Mtaniambia siku hizi kuna makundi ya WhatsApp. Yapo, na nimeonyeshwa mawili. Yamejaa salamu za asubuhi zenye maua, video za kutumiwa mara 20, na kila baada ya siku kadhaa taarifa ya tanzia ikifuatiwa na mlolongo wa “pole sana,” kisha mhasibu anatuma namba ya kupokelea rambirambi. Nalisifu kundi kwa rambirambi, kwa sababu mjane hupata kitu cha kumsaidia haraka. Lakini kundi halina kumbukumbu. Simu ikiibwa, mtu anatoweka. Anayetumia kitochi hayumo kabisa, na huyo kwa kawaida ndiye yule aliyestaafu mapema na cheo kidogo. Matokeo yake, kozi inayokutana mtandaoni ni ya waliofanikiwa. Waliobaki tunawakuta msibani, na mara nyingi msiba ni wao.

Kuna sababu nyingine ya ugumu wetu, na haisemwi hadharani. Dola huwa na wasiwasi na maofisa wanaokutana kwa siri, na ina haki. Nasser na Sadat walimaliza chuo cha kijeshi cha Misri mwaka mmoja, 1938, wakapangiwa kambi moja ya Mankabad, na mwaka 1952 mfalme akaondoka. Korea Kusini ilikuwa na kikundi cha Hanahoe, kilichokuzwa na darasa la 11 la chuo cha kijeshi, lililomaliza mwaka 1955. Chun Doo-hwan na Roh Tae-woo walikuwa humo. Walipeana vyeo, wakabebana, na Desemba 12, 1979 wakapindua uongozi wa jeshi. Wote wawili wakawa marais, mmoja baada ya mwingine. Kim Young-sam alipoingia madarakani mwaka 1993 alikifumua kikundi hicho. Sisi wenyewe tuna Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Wale hawakuwa kozi ya maofisa, lakini nchi ilijifunza kuogopa mikusanyiko ya watu wenye sare.

Tofauti ya Hanahoe na rejista ya Cullum ni kubwa. Hanahoe ilichagua watu, ikafunga mlango, ikafanya kazi yake wakiwa bado na bunduki. Rejista inamtaja kila mtu, imechapishwa, mtu yeyote anaweza kuisoma maktaba, na inaendelea kumfuata mwenye jina muda mrefu baada ya kukabidhi silaha. Wazee wa miaka 70 wenye kisukari na daftari la wazi hawatishii dola. Wizara husika ingeweza hata kuwasaidia, kwa kuwapa chumba kimoja chuoni mara moja kwa mwaka na kuwakutanisha na maofisa wanafunzi. Faida ingekuwa ya jeshi zaidi kuliko ya wazee, maana wengi wa waliopigana Kagera wanaondoka na wanachokijua.

Kwa wenye kozi, nina ushauri wa waziwazi. Mwandishi msimchague jenerali. Watu wataogopa kumwandikia, au watamwandikia kwa ajili ya kuombea mtoto kazi. Chagueni aliyetoka kapteni au meja, mwenye muda na mwandiko unaosomeka. Siasa ipigwe marufuku kama walivyofanya wale wa 1869, na kuombeana nafasi za kazi vilevile. Rangi, dini na kabila visiwe na safu kwenye daftari. Waandikwe wote walioanza, si waliomaliza tu, na waliofukuzwa waandikwe bila kueleza kwa nini. Wajane wapewe mistari yao, kwa sababu wao ndio walioitunza kozi wakati ninyi mko mipakani. Wageni kutoka nchi jirani waliokuja kusoma nasi watafutwe pia. Nakala moja ikae chuoni, moja kwa mtoto mwenye akili ya kutunza vitu.

Wengi wa waliovishwa nyota Monduli katikati ya miaka ya 1970 sasa wamevuka miaka 70. Kama wewe ni mmoja wao na unasoma gazeti hili, andika leo majina ya mliolala chumba kimoja. Hata yakiwa manne tu unayoyakumbuka, yaandike, kisha umpigie wa kwanza umuulize anawakumbuka nani wengine.